Indiketa ya Kulia

Mimi si mtu wa mambo ya mizimu, na hapo tuelewane kabla sijaanza. Mimi ni fundi wa waya za magari. Kazi yangu ni kutafuta kwa nini kitu hakiwaki, na sababu huwa ipo: fyuzi imeungua, waya wa athi, ule wa kwenye bodi, umeshika kutu, panya amekula waya. Mtu akiniambia gari lake lina pepo, mimi huchukua testa. Basi nikikuambia kwamba haya yalinipata kweli, mchana, nikiwa na akili zangu zote na bisibisi mkononi, ujue sisemi kwa kujifurahisha. Ningekuwa na njia nyingine ya kuyaeleza, ningeitumia.

Nilikuwa nasomea umeme wa magari katika chuo kimoja cha ufundi pale Kitale. Kwetu ni Ndalu, tunalima mahindi, na hakuna mtu nyumbani aliyeelewa msichana anatafuta nini chini ya dashibodi. Nilikuwa nimeanguka mtihani wa vitendo mara moja. Baba alishaniambia, kwa upole ule unaouma kuliko kelele, kwamba nikianguka tena nirudi tushike jembe pamoja. Siku hizo sikulala vizuri. Hata chakula nilikula nimesimama.

Mwalimu wetu, Mwalimu Barasa, alikuwa mtu mfupi mwenye sauti kubwa na sheria ambazo hazikuvunjwa. Ukifanya kazi kwenye gari, fyuzi kubwa unaitoa na kuiweka mfukoni mwako, ili mtu asije akawasha umeme mikono yako ikiwa ndani. Ukimaliza unairudisha, halafu unapaza sauti: "Nawasha!" Wenzako wakishatoa mikono yao wanaitikia: "Washa!" Usipoitikiwa, huwashi. Na ukiwa peke yako karakana, hufanyi kazi kabisa. Kuna kijana wa mwaka uliotangulia ambaye feni ilimla kidole, kwa hiyo hakuna aliyebisha.

Gari nililopewa lilikuwa pikapu nyeupe iliyopata ajali, chuo kikainunua kama mabaki. Mlango wa dereva ulikuwa umebonyea ndani, hata haufunguki, kwa hiyo tuliingilia upande wa abiria. Ilipata ajali wapi, na nani alikuwa ndani? Sikuuliza. Nilikuwa nimeshaziwasha taa zote isipokuwa moja, indiketa ya kulia, na kwa siku mbili hiyo indiketa ilinifanya nijione mjinga. Mtihani ulikuwa Ijumaa.

Jumatano, saa kumi hivi, mvua ikaanza kupiga mabati. Wenzangu wakakimbilia chai. "Niaje fundi, bado unaiombea hiyo taa?" mmoja wao akanitania akipita. Nikamwambia aende zake. Nikabaki peke yangu, sheria nikaikanyaga.

Niliangalia balbu, nikaangalia swichi, nikarudi kwa balbu. Nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimesimama nje mbele ya gari, nikanyoosha mkono kwenye betri na kupaza sauti kwa mazoea tu: "Nawasha!"

"Washa!" mtu akaitikia kutoka ndani ya gari. "Rakini rete tochi kwanza."

Niamini, sikuogopa hata kidogo. Karakana ina wanafunzi wengi, na huyu alikuwa na ulimi wa kwetu, ule wa kuchanganya *l* na *r*, nikajisikia niko na mtu wa nyumbani. Nikaenda upande wa abiria. Alikuwa ameinama chini ya usukani, nikaona mgongo na mikono tu. Nikampa tochi. Akainua mkeka wa upande wa dereva, pale mlango ulipobonyea, akavuta waya wa kijani. Ulikuwa umeunganishwa kwa kusokotwa tu, kisha umefungwa kwa karatasi ya mkate.

"Ni mimi nirifunga hivi," akasema. "Nirikuwa na haraka. Nikasema itashika tu."

Nikafikiri ni mwanafunzi aliyepewa hilo gari kabla yangu. Nikamcheka. Nikamwambia mwalimu akiona kazi kama hiyo atamla mbichi. Nikakikata kile kipande chenye karatasi, nikaunga waya upya kama tulivyofundishwa, nikafunga tepu. Kipande nikakitupa kwenye sanduku langu la vifaa, maana mwalimu alitaka kila kasoro uliyoipata uiweke mezani aione.

"Sasa ikiwaka," akaniuliza, bado ameinama, "tutaenda nyumbani?"

"Nyumbani wapi?"

"Karibu na Kibabii. Si mbari. Ukifika kwa duka ra mbao unakata kuria."

"Ikiwaka nakupeleka mimi mwenyewe," nikasema, "hata kwa mgongo."

Mzaha mzaha hutumbua usaha, na mimi niliambiwa hivyo tangu utotoni. Nikabonyeza swichi. Indiketa ikawaka. Tik, tik, tik. Nilipiga kelele ya furaha, nikazunguka nyuma kuangalia taa, na ile taa ya manjano ilikuwa inawaka na kuzima juu ya maji ya mvua. Niliporudi kumshukuru, gari lilikuwa tupu. Mlango wa dereva haufunguki. Ule mwingine sikuuacha hata kwa hatua tano. Angetokea wapi? Nikaingiza mkono mfukoni nitafute kitambaa nijifute jasho, nikashika kitu kigumu. Ilikuwa fyuzi kubwa. Sikuwa nimeirudisha; ilikuwa kwangu wakati wote, na taa bado inawaka.

Niliiangalia ile fyuzi kiganjani mpaka indiketa ikazima yenyewe. Kisha nikakimbia kwenye mvua bila viatu, sijui niliviacha wapi.

Ijumaa nilipita mtihani. Mwalimu Barasa aliinua mkeka, akaangalia kazi yangu, akaangalia kile kipande cha waya mezani, akaniuliza, "Nani alikuambia utafute huku?" Nikasema nilitafuta tu. Naona aibu hata leo. Mtu alinisaidia, nikamwahidi, nikala sifa zake, na nikajiambia kwamba kwa kuwa hayuko hai hanidai kitu.

Mwezi uliofuata nikaenda mazoezi ya kazi Bungoma, kwa fundi mmoja mzee tuliyemwita Baba Rehema. Siku ya kwanza, gari nililoligusa likawasha indiketa ya kulia lenyewe. Nikasema ni swichi. Siku ya pili, gari lingine. Siku ya tatu niliwekewa lori ambalo halikuwa na betri kabisa, nikafungua sanduku langu la vifaa kando yake, nikasikia: tik, tik, tik. Wateja wakaanza kunitazama vibaya. Usiku nilikuwa nashtuka nikisikia saa ya ukutani. Nilikonda.

Mwishowe nikamweleza Baba Rehema yote. Hakucheka. Akaweka chini kikombe chake.

"Pikapu nyeupe, pale duka la mbao? Hiyo ajali naijua," akasema. "Jamaa alikuwa anakata kona aingie kwake. Indiketa haikuwaka. Lori la nyuma likadhani anaenda moja kwa moja, likataka kumpita, likamgonga mlangoni. Mita mia moja hivi kutoka kwa boma lake, bana."

Tukaenda kwa mjane wake, mama mmoja mtaratibu, akatukaribisha chai. Kwetu mtu akifia barabarani, jamaa huenda pale alipofia, wakamwita kwa jina, wakachukua udongo kidogo, wakamwambia twende nyumbani. Wao pia walifanya hivyo.

"Tulimwita siku tatu," mama akasema. "Hatukumsikia moyoni. Nikawaambia wazee wetu, huyu hayuko hapa."

Nikaelewa pale pale, na machozi yakanitoka. Walimwita barabarani, na yeye alikuwa amebaki ndani ya gari, na gari lilikuwa limeshavutwa. Lakini pikapu nilipoiulizia chuoni, nikaambiwa imeshakatwakatwa, imeuzwa kama vyuma. Ningempeleka na nini?

Ndipo nikakumbuka sanduku langu. Kile kipande cha waya, nilichokirudisha baada ya mtihani, kilikuwa humo chini ya koleo, bado kimefungwa karatasi yake ya mkate. Nilikuwa nimembeba mwenyewe kutoka Kitale, na siku zote hizo nikimtembeza Bungoma bila kumfikisha kwake.

Jumamosi asubuhi nikapanda pikipiki, waya nimeushika mkononi. Tulipokaribia duka la mbao nikajikuta nikisema polepole, "Nawasha." Indiketa ya kulia ya ile pikipiki ikawaka. Mwenye pikipiki akaangalia chini, akasema, "Ati nini? Hii iliharibika kitambo!" Nikamwambia akate tu kona. Tukakata, salama, tukaingia bomani. Mama, niliyempa habari mapema, alikuwa amesimama karibu na kaburi. Aliupokea ule waya kwa mikono miwili, akamwita mumewe kwa jina, akamwambia, "Umechelewa, baba, lakini umefika." Tukaufukia. Sikulia peke yangu.

Tangu siku hiyo indiketa haziniwakii ovyo. Lakini sijatulia, usidhani. Nikiona waya umefungwa karatasi ya mkate naukata, mwenyewe akubali asikubali, na wateja wangu wananiita mkorofi. Na mpaka leo, nikipaza sauti "Nawasha!", nahesabu kwanza watu walioitikia.

Wewe unayesema itashika tu, shuka garini uangalie taa zako za nyuma kabla hujakata kona ya kwako. Na siku ukiwa peke yako, ukaita, ukaitikiwa, usimwulize mtu huyo jina. Mwulize kwao ni wapi. Ukisema utampeleka, mpeleke.