Mume Wangu Huwasaili Wasichana kwa Kibao, na Sasa Mmoja Hasikii

*Huyu mama katuandikia inboksi, kaomba tusimtaje. Msomeni mpaka mwisho, matusi wekeni kando.*

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo hamjambo. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, nina binti mmoja ambaye ameshaolewa. Maisha yangu yote ya ndoa nimeishi Mikumi. Mkono wangu wa kushoto haunyooki vizuri, na aliyeuvunja ni mume wangu. Nitamwita Baba Rehema.

Nilizaliwa Kilosa, baba yangu akiwa mkata mkonge. Ilipokuja miaka ya ruksa, mali za serikali zikiuzwa kwa watu binafsi, shamba lao la mkonge nalo likauzwa, baba akapunguzwa kazi pamoja na wenzake, nyumbani ikawa uji asubuhi, uji jioni. Nikasikia kuna mtu Mikumi amefungua hoteli na gesti pale barabarani malori ya Iringa yanapolala, anatafuta wahudumu. Nikaenda.

Tulikuwa wasichana watatu kwenye benchi. Nilidhani tutaulizwa tumesoma mpaka darasa la ngapi, tunajua kupika nini. Baba Rehema, ndiye mwenye hoteli, enzi hizo kijana mtanashati, alikuwa na swali moja tu: "Nikikunasa kibao sasa hivi, utafanya nini?" Wa kwanza akasema atalia. Akaambiwa akalilie kwao. Wa pili akasema atakwenda polisi. Baba Rehema akacheka, akamwonyesha mlango. Mimi hakunipa hata nafasi ya kujibu. Alininasa kibao nikaona nyota. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kikombe chake cha chai, nikammwagia kifuani. Aliruka akipiga yowe, akararua vifungo vya shati, ngozi imebabuka. Kisha akaanza kucheka.

"Huyu ndiye," akasema. "Hapa madereva wakilewa wanashikashika. Nataka mwanamke asiyeogopa. Anza leo."

Jamani, nilijiona shujaa. Kila mteja alisimuliwa habari ya ile chai. Haukupita muda akanichumbia, tukafunga ndoa. Akili yangu iliniambia mwanaume aliyenipenda kwa sababu nilimrudishia hawezi kuninyanyasa.

Mara ya kwanza alinipiga kwa sababu nilicheka na dereva mmoja mezani. Nami nikamrudishia kwa mwiko, kama nilivyozoea. Alifunga mlango kwa ufunguo, akachukua mkanda wa feni ya lori, akanichapa mgongo mpaka gauni likagandia kwenye vidonda. "Siku ile ulikuwa unaomba kazi," aliniambia huku akipiga. "Sasa wewe ni mke." Siku nyingine ukawa mchi, ndio uliovunja mkono. Hospitali nikasema nimeteleza bafuni. Nilikimbilia Kilosa, mama akanikanda, akalia, halafu akaniambia, "Rudi mwanangu. Hapa utakula nini?" Baba aligeukia ukutani. Nikarudi. Nilitoroka tena nikiwa na Rehema mgongoni, nikarudi tena.

Usaili wake hakuuacha miaka yote hiyo. Hoteli ikakua, vyumba vikaongezeka, wasichana wakawa wanatoka Kidodi, Kisanga, hata Morogoro mjini. Wengine aliwauliza tu, wengine aliwapiga kweli. Nilipomsihi aache alinijibu, "Mbona wewe kibao kilikutengeneza?"

Mwezi uliopita akaja binti nitakayemwita Neema. Baba yake analima miwa Kidodi, na yeye amesomea mambo ya hoteli, ana cheti chake. Akaingia na heshima zote: "Shikamoo babu." Mume wangu akaitikia marahaba, akamuuliza swali lake. Mtoto wa watu akatabasamu akidhani ni utani. "Babu, kwani nimekukosea nini?"

Kilichofuata ni kofi. Mwanaume amepita miaka sitini lakini mkono wake bado ni mzito. Neema alikwenda chini, sikio likagonga kona ya kaunta, damu ikamtiririka shingoni mpaka kwenye blauzi nyeupe. Mume wangu akamsimamia. "Inuka, nijibu!" Akampiga teke la mbavu. Akavuta mguu ampige tena.

Nilikuwa napiga deki. Nilimshushia mpini kichwani ukakatika, nikaendelea na kipande kilichobaki. Nilimpiga mgongoni, mikononi alipojikinga, popote. Wahudumu ndio walionitoa juu yake. Alishonwa nyuzi kichwani. Neema alipelekwa hospitali Morogoro, daktari akasema ngoma ya sikio imepasuka vibaya, upande ule hasikii.

Tangu siku hiyo niko kwa dada yangu Kilosa. Mume wangu amewaambia polisi kwamba binti aliteleza kwenye maji ya deki, na kwamba mimi nilimpiga kwa wivu. Amenitumia salamu kuwa nikithubutu kutoa ushahidi, na yeye atanifungulia kesi ya kumpasua kichwa.

Baba yake Neema alikuja hapa. Alikaa ukingoni mwa kiti, hata maji hakunywa. "Mama Rehema, wafanyakazi wote wanakula kwake, hakuna atakayesema. Sikuombi uongeze neno. Sema ulichokiona tu." Nilishindwa kumwangalia usoni.

Na jana Rehema akanipigia simu. "Mama, unataka baba akafie jela na uzee ule? Ukienda kusema, usinitafute tena, na wajukuu hutawaona." Nikamuuliza, "Mwanangu, hukuyaona niliyofanyiwa?" Akanijibu, "Niliyaona mama. Na kila mara ulirudi. Leo kwa mtoto wa watu ndio umepata mdomo?" Akakata simu.

Ndugu zangu, sijalala tangu hapo. Mkuu wa upelelezi ananisubiri Ijumaa. Nikisema, nampoteza mwanangu wa pekee na pengine nafungwa mimi. Nikinyamaza, itabaki kwamba yule binti aliteleza. Mliopita njia kama yangu, na nyie mnaojua sheria, nishikeni mkono: Ijumaa niende, au nisiende?