Mstari Usiofungwa

Mimi kwa vigae sibahatishi. Miaka ile Lusail, huku Qatar, ikiwa bado kreni na vumbi tupu, nikitoka mtaa wa Najma alfajiri kwa basi la kampuni, nilibandika kuanzia mahoteli mpaka majumba ya wakubwa, na hakuna aliyewahi kuniita nirudi kurekebisha.

Basi ikaja kazi ya sebule moja ya wageni. Vigae vilikuwa vimebuniwa na mama mmoja Mhopi, wa kabila la wenyeji wa asili wa jangwa la Amerika, na alikuja mwenyewe kuvisimamia. Ukutani mawingu ya ngazi ngazi na mvua ya mistari. Sakafuni, mstari mweusi wa kuzunguka chumba kizima. Ukuta ulipokwisha, nikapanga vya sakafu bila gundi kwanza, ndiyo desturi yangu. Ebo! Mbele ya dirisha kubwa mstari umekatika, upenyo wa vigae viwili.

"Kiwandani walilewa," akasema mwenzangu Mganda.

"Hawakulewa," akajibu yule mama. Mamake, mfinyanzi, alimfundisha kwamba mstari wa kuzunguka haufungwi. Ukiufunga, umejifungia njia yako mwenyewe.

Mudiri, msimamizi wa mwenye nyumba, hakutaka kusikia. "Wageni watasema tumeishiwa na vigae! Uzibwe leo, ama nang'oa vyote, hata vya ukutani."

"Basi ng'oa," mama akasema, bila kupandisha sauti. Mimi roho ikaniuma. Kazi nzuri vile, jamani, ivunjwe kwa ajili ya upenyo!

Mudiri alipotoka, nikamwambia, "Mama, niachie mimi." Nikamwonyesha kwa kidole: tusogeze safu yote, upenyo utoke dirishani uje kizingitini. Akautazama mlango, akanitazama mimi, akaangua kicheko.

"Fundi, hapo ni pazuri kuliko nilipopachagua mimi."

Tukasogeza kigae kwa kigae, pembe nikazikata upya. Mwenzangu alinung'unika mpaka akachoka. Ilipofika alasiri gundi ilikuwa imeshika, na kazi, wallahi, ilipendeza.

Mudiri akarudi, akavua viatu, akasimama mlangoni. Akafuata mstari kwa macho, pembe hadi pembe, mpaka chini ya dirisha.

"Khalas, yamekwisha," akasema. "Si mnaona? Sasa hakuna upenyo."

Mimi na mama tukatazama miguu yake. Alikuwa amesimama ndani ya upenyo wenyewe.