Waziri Namba Nne

Iko Jumamosi moja ya mwezi wa pili, mwanangu, ambayo mpaka leo naikumbuka. Miaka imekwenda, nywele zimenikwisha, wajukuu wamefika, lakini siku hiyo haijanitoka. Nilikuwa na miaka thelathini. Nilikuwa katika ukumbi wa kukodi huku Scarborough, uliobanwa kati ya duka la vitambaa vya Kihindi na kinyozi, na mfukoni mwa koti langu mlikuwa na kadi inayosema kwamba mimi ni Waziri wa Habari.

Usicheke. Au cheka kidogo, kisha unisikilize, maana juzi baada ya ibada nilikuona ukiwaonyesha wenzako simu. Palikuwa na picha yako, na chini yake pameandikwa Kamanda wa Vijana, Tawi la Kanada. Sikukuuliza ni tawi la nini. Nilirudi nyumbani nikiwaza hilo tu, na ndiyo sababu nimekuita.

Mimi kwetu nilikuwa mwalimu wa historia. Nikipita sokoni, watu wazima walinisogezea njia. Nilipofika Toronto nikawa msukuma viti vya magurudumu katika nyumba ya wazee kule Don Mills, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Ilikuwa kazi ya halali na wale wazee niliwapenda, lakini nisikufiche, iliniuma. Msimamizi wangu alishindwa kulitamka jina langu akanipa jingine fupi, nami nikaliitikia miaka sita. Mtu mwenye njaa ya namna hiyo hahitaji kudanganywa sana.

Ndipo akahamia Chambuso katika jengo letu. Huyo bwana alikuwa amepitia kila kazi duniani: dereva wa malori, mwamuzi wa mpira, mwongozaji wa wawindaji, mchimba dhahabu. Mwisho akawa rais. Nasema kweli. Katika wilaya moja ya mpakani, nisiyoitaja kwa ajili ya waliofiwa, aliliteka boma la serikali na watu wake arobaini, akashusha bendera, akapandisha yake, akatangaza kwamba wamejitenga na sasa ni jamhuri. Walikuwa na wimbo wa taifa, mhuri, na mawaziri kumi na wawili. Jamhuri hiyo iliishi siku kumi na tisa. Siku ya ishirini jeshi likaingia, yeye akavuka mpaka, akazunguka nchi tatu, hatimaye akapewa hifadhi ya ukimbizi hapa.

Watu walimcheka pembeni, kisha wakampisha kiti cha mbele akitokea. Ndivyo tulivyo. Mimi sikumcheka. Alikuwa na sauti ya chini, sauti ya mtu asiyezoea kukatizwa, na siku ya kwanza alipokunywa chai kwangu aliniuliza nilifundisha somo gani. Nilipomwambia, akaniangalia, akasema wengi huifundisha historia lakini wachache huitwa kuitengeneza. Toka hapo akaniita Mheshimiwa. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi tembo nililimwaga lote, nikajaza maji matupu.

Kadi zake zilikuwa za kijani, nzito, zenye mhuri uliochapwa ukatokeza. Alisema ndizo kadi halisi za jamhuri, kazivusha mipaka yote akiwa kazishona ndani ya koti. Aliniapisha jikoni kwangu, mkono mmoja juu ya Biblia, akabandika picha yangu na kipande cha karatasi chenye jina langu. Kadi ilikuwa nene kidogo pale penye picha. Nilidhani ndivyo kadi za mawaziri zinavyotengenezwa.

Kisha akauliza habari za Festo. Festo ni mdogo wangu, tumbo moja. Mama alinikabidhi nikamleta huku akiwa na miaka kumi na mitatu, na wakati huo alikuwa na kumi na tisa, chuoni, akisomea umeme. Kiswahili alikielewa chote ila akikujibu ni kwa Kiingereza, kama ninyi. Chambuso alipoanza kumwita Mheshimiwa, Kiswahili kikamtoka fasaha nikashangaa. Rais wetu akaeleza kwamba jamhuri inafufuliwa, wananchi wanangoja, anatakiwa kijana mmoja atangulie mji wa mpakani akutane na watu wetu. Akampa Festo kadi ya Waziri wa Vijana.

Sasa nisikilize vizuri. Siyo Chambuso aliyemshawishi mdogo wangu aende. Ni mimi. Ni mimi niliyekaa naye mezani siku baada ya siku nikimweleza habari za mababu, nikimwambia kwamba wanaume wa rika lake ndio waliokomboa nchi. Nilimuuliza atasukuma viti vya wazee wa watu mpaka lini, na yeye hakuwahi kusukuma kiti hata kimoja, msukumaji nilikuwa mimi. Akaacha chuo. Ndege yake ilikuwa ya Jumatano, siku nne baada ya ile Jumamosi.

Jumamosi yenyewe jirani yetu alikuwa anabatiza mtoto, akatualika. Mshereheshaji akamtangaza Chambuso kwa cheo chake chote, akapelekwa meza ya mbele kwa makofi. Mezani kwetu aliketi mgeni kutoka Markham, nesi aliyefanya kazi pamoja na mwenye sherehe. Alikuwa dada wa makamo, mpole, anaitwa Eunike. Alikuwa amechelewa kwa ajili ya theluji, kwa hiyo hakusikia matangazo. Festo alimsalimia, akanitambulisha kwake kwamba mimi ni kaka yake na nilikuwa mwalimu nyumbani. Dada akamuuliza na yeye anafanya nini. Kijana wa watu akatoa kadi.

Eunike aliisoma muda mrefu mno kwa maneno machache vile. Waziri wa Vijana, Namba Nne. Akauliza kwa upole nani kampa, na Festo akaonyesha meza ya mbele kwa kidevu. Dada hakugeuka kutazama. Alikuwa akiipapasa ile picha kwa kidole gumba. Kisha akaingiza ukucha pembeni na kuanza kuibandua, polepole, na mimi nikataka kumkaripia kwamba ule ni waraka wa serikali. Aibu iliyoje. Picha ya Festo ikatoka nzima, na chini yake palikuwa na picha nyingine, ya kijana mwenye shati la mistari, nywele kazichana upande.

"Huyu ni Yoramu," Eunike akasema. "Ni mdogo wangu."

Mwanangu, nilipigwa na bumbuwazi. Nilisikia muziki, nikaona watoto wakikimbizana na maputo, nikashindwa kuelewa inawezekanaje vitu hivyo viendelee. Eunike alitueleza kwa kifupi, macho yake hayatoki kwenye kadi. Yoramu aliwaandikia nyumbani kwamba ni Waziri wa Vijana, Namba Nne, na tangu jamhuri ilipoanguka, miaka tisa nyuma, hakuonekana. Tetesi za kifo chake ziliwafikia nyumbani, matanga yakawekwa. Unajua kwetu matanga huanuliwa: siku zikitimia watu huoga, hutoa pole ya mwisho, hurudi kwenye shughuli zao. Mama yao alikataa katakata. Alisema hayaanuliwi mpaka aje mtu aseme mwanangu kafaje na kalala wapi. Miaka tisa jamvi lilikuwa sakafuni, na katika nyumba ile hapakufanyika hata posa.

Akainuka, akaenda meza ya mbele. Nikamfuata, sijui kwa nini. Kwanza alimwamkia, maana Chambuso alimzidi umri, na Chambuso akaitikia vizuri. Kisha akaiweka kadi mbele yake.

"Mheshimiwa, Yoramu kalala wapi?"

Aliitazama picha. "Yoramu yupi?"

Niliona kwa macho yangu kwamba hafichi kitu. Hakumkumbuka. Dada akamuuliza basi kadi yake aliipataje, na Chambuso akaeleza bila hasira, kama anayemwelekeza mtu kituo cha basi. Alfajiri ya siku ya ishirini alikusanya kadi zote za mawaziri ili zisitekwe. Akawaambia walishike boma hadi saa sita, yeye anakwenda kuleta msaada.

"Niliondoka na nyaraka," alisema. "Watu hupatikana, dada yangu. Nyaraka zikipotea, jamhuri imekufa."

Akachukua uma wake akaendelea na pilau. Nimeona mengi katika maisha, nimefunga macho ya wazee wengi pale kazini, lakini kitu kilichonitisha kuliko vyote ni mtu yule akitafuta kipande cha nyama katika wali baada ya maneno hayo.

Nilitegemea Eunike atapiga kelele. Hakupiga. Alinigeukia mimi, na lile ndilo karipio nililopata katika ujana wangu ambalo sijalipona.

"Huyu simshangai," aliniambia. "Nakushangaa wewe, Mwalimu. Umemkalisha mdogo wako kwenye kiti cha marehemu, na hukuuliza marehemu ni nani."

Miaka sita nilitamani mtu aniite Mwalimu.

Tulipofika nyumbani niliibandua picha yangu mwenyewe. Chini yangu palikuwa na kijana mmoja mwembamba. Nikambandua na yeye, kumbe chini yake yuko mzee wa miwani. Yaani hata njiani, katika zile nchi tatu, bwana yule alikuwa anagawa vyeo. Nilikaa sakafuni na nyuso zile mbili. Mpaka leo ninazo, na sijampata mtu wa kuniambia hao ni akina nani.

Nilidhani Festo ameona nilichoona. Nikamwambia mambo yamekwisha, Jumatatu arudi chuoni. Alikuwa kakaa kwenye kochi na koti lake zito hajalivua. "Kaka, Yoramu alikufa kwa ajili ya kitu," alinijibu. "You told me that. Wewe mwenyewe." Nikamwambia nilikosea. Nikamwambia nililewa cheo, nilivikwa kilemba cha ukoka nikajiona sultani. Nilimsihi siku tatu, kwa ulimi uleule uliomtia moto, na ulimi haukufaa kitu. Maji yakimwagika hayazoleki. Jumatano nilikwenda kazini nikimwacha amejifunika blanketi. Niliporudi, ufunguo wake ulikuwa mezani.

Kadi yake ilibaki kwa Eunike. Festo alikwenda bila kadi na bila cheo, alibeba maneno yangu tu.

Askari walimkamata wiki ya pili akiulizia watu wa jamhuri, katika ule mji wa mpakani, ambako hapakuwa na mtu yeyote anayemngoja. Alikaa gerezani miaka mitatu, na mwaka wa kwanza wote sikujua kama yu hai. Kila Jumapili mama alipiga simu kuniuliza Festo hajambo, na mimi, mwana wa kanisa, nikajifunza kusema uongo kwa sauti ya uchangamfu. Eunike naye alimpelekea mama yake ile kadi. Wakaizika mahali pa mwili, na matanga yakaanuliwa. Chambuso je? Mwezi uleule nilisikia kaketi meza ya mbele katika ukumbi mwingine, na vijana wapya wawili kulia na kushoto.

Siku Festo aliporudi nilikwenda kumpokea uwanja wa ndege. Miaka mitatu nilikuwa nimetunga maneno ya kumwomba radhi, nimeyakariri kwenye mabasi. Alitoka akiwa amekonda, meno ya mbele hana, mguu mmoja anauvuta. Akaweka mfuko chini, akainama kidogo kama mama alivyotulea.

"Shikamoo, kaka."

Nikafungua mdomo, na marahaba ikakataa kutoka. Hata sasa, na ni mtu mzima mwenye watoto wake, hunipigia kila Jumapili na kuniamkia kwa heshima ileile. Mimi humjibu habari ya nyumbani, au karibu baba, au chochote kingine. Hajawahi kuniuliza kwa nini.

Basi, mwanangu, sikukatazi kuipenda nchi ya wazazi wako, wala kukasirishwa na uonevu ukiuona. Damu isiyochemka ujanani ina kasoro. Ninachokuomba ni hiki: mtu akikupa cheo, kabla hujakivaa muulize nani alikuwa nacho kabla yako, na yuko wapi sasa. Mtazame usoni anapojibu. Kama halijui jina la aliyekutangulia, na lako hatalijua. Mrudishie cheo chake mbele za watu, hata wakikucheka, kwa maana kicheko cha watu hakijavunja mguu wa mtu. Na mdogo wako, nakusihi, usimtume njia ambayo wewe mwenyewe hujaikanyaga. Utamwita arudi naye atakuwa anakusikiliza wewe wa jana.

Nimemaliza. Simu yako siitaki, uamuzi ni wako. Mungu akupe kazi isiyokutia aibu na watu wanaolitamka jina lako vizuri. Akupe siku nyingi katika nchi hii ya baridi, akupe wadogo wanaokuheshimu, uzeeke ukiamkiwa mlangoni na kwenye simu, na kila utakapoamkiwa, mwanangu, uweze kuitikia.