Kilio Nyumbani kwa Mdogo Wangu

Aibu yangu naisema mwenyewe. Shemeji yangu wa Masoko, mume wa mdogo wangu, alikuwa hoi kitandani, nami nilikuwa naogopa mdogo wangu asije akabaki mjane. Juzi asubuhi nafika kwenye migomba yao, nikasikia mtu analia kwa uchungu na ngoma za msiba zinapigwa. Nikafunga khanga kiunoni, nikapiga yowe. Majirani wakaja mbio wakilia pamoja nami. Nikajitupa mlangoni.

“Shemeji, umetuachia nani!”

Mlango akaufungua marehemu mwenyewe, kikombe cha uji mkononi.

“Shemeji, hao ni Wajapani wanaimba roki. Kanda tumeikuta kwenye gari la mtumba. Niizime, au kwanza umalize kunililia?”