Gunia la Kiti cha Kushoto

Siku fundi alipokaza nati za gari langu kwa mara ya pili, baba yangu alikuwa na kilo sitini na mbili. Sihitaji kutazama kadi yake ya hospitali ili kulikumbuka hilo. Tulizipima kilo hizo kwa mchele, tukaziweka kwenye kiti cha kushoto, tukazifunga mkanda.

Gari lenyewe ni la michezo, la milango miwili, na limemzidi umri binti yangu wa kwanza ambaye sasa yuko sekondari. Nililinunua Morogoro, mtu mzima na akili zangu, nikalileta Ifakara kwenye vumbi la kiangazi na matope ya masika. Mke wangu analiita mke mdogo. Walimu wenzangu walikuwa wakinunua mashamba ya mpunga, mimi nikiota shokapu ngumu, springi fupi na tairi pana. Nilikuwa nimeshaipanga foleni nzima kichwani: shokapu kwanza, springi baadaye, tairi mwisho. Kila nilipobakiwa na chochote nilikiweka pembeni kwa ajili ya foleni hiyo, na sikutaka ushauri wa mtu.

Kisha baba akaugua. Alikuwa ameendesha matrekta Mngeta karibu maisha yake yote, Mpogoro aliyeshuka kutoka Mahenge kutafuta kazi bondeni na asirudi tena. Saratani ilianzia kwenye tezi dume, na ilipogundulika ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa ya kiuno. Daktari alitaka afike Ifakara kila mwezi kwa sindano. Nilimwomba ahamie kwangu, akakataa.

“Nikae kwako natazama ukuta?” alisema. “Mimi nitakuja na nitarudi.”

Basi lilimrusha mara moja tu, akashuka hawezi kusimama. Tangu siku hiyo nikawa namfuata mwenyewe. Barabara ile ina mashimo, na pasipo na mashimo ina mawimbi yale madogo madogo yanayotikisa meno. Baba alisali rozari njiani. Niliona vidole vyake vikishika punje, gari likiingia shimoni, vidole vikiiachia na kushika mpini wa mlango. Alirudia kumi la kwanza la Salamu Maria mpaka tukafika. Kumtoa kwenye kiti kile cha chini ilibidi nipige magoti, nipitishe mkono mmoja chini ya mapaja na mwingine nyuma ya mgongo, nimwinue taratibu kama mtoto aliyelala.

Akiba yangu ilitosha kitu kimoja. Fundi, Msukuma mpole ambaye gereji yake ni turubai na mti wa mwarobaini, alilala chini ya gari kwa muda mrefu. Akatoka na kuniambia tuanze na bushi, yaani vile vipande vya mpira vinavyokaa kwenye maungio ya vyuma vya miguu ya gari. Zote zilikuwa zimekwisha, chuma kinagonga chuma. Nilimsikia vizuri. Nikaenda dukani kununua shokapu.

Nisijitetee. Zilikuwa nyekundu, ngumu, zimetoka kwenye gari jingine kama langu, na nilikuwa nimezitamani kwa miaka. Nilijiambia nazinunua kwa ajili ya baba. Mtu akitaka kujidanganya hakosi jina la mgonjwa wa kusingizia. Fundi akazifunga.

Safari iliyofuata gari lilikuwa kama tunaburuta kitanda cha chuma juu ya mawe. Baba hakutoa hata rozari. Alishika mpini kwa mikono miwili, macho ameyafumba, na sehemu moja kabla ya kufika mjini nilimsikia akilia kwa sauti ndogo. Sikuwahi kumsikia baba yangu akilia. Tulipomaliza hospitali nikamrudisha Mngeta, alikaa ukingoni mwa kitanda chake, akaniita.

“Mwanangu, mwezi ujao usije.”

“Sindano je, baba?”

“Sindano inanipunguzia maumivu, njia inayaongeza. Hesabu yake sioni inavyokwenda.”

Hakuwa amekasirika, na ndicho kilichoniumiza. Nilirudi Ifakara nikijua kwamba nikishindwa kulilainisha gari lile ndani ya wiki nne, baba atalala pale nyumbani na mifupa yake mpaka mwisho.

Nilikwenda kwa fundi asubuhi yake, nikamsalimia na kumwambia nimekosa. Hakunisimanga. “Ulimvalisha mtu suti, viatu vimetoboka,” alisema tu, akaanza kufungua. Zile shokapu nyekundu zilinunuliwa na kijana mmoja wa Kidatu kwa bei ya kutupa. Tukazirudisha za zamani, ambazo fundi alisema bado zina uhai. Nikatafuta rimu ndogo ili ziingie tairi nene zenye ukuta mrefu, na mwenye duka la spea akaniagizia bushi za mpira laini. Gari lilikaa vibaya machoni, kama mzee aliyevaa ndala, lakini liliponyanyuka na kushuka juu ya shimo halikupiga kelele.

Baba nilimbembeleza kwa safari moja ya majaribio. Alikubali, na tulikwenda vizuri. Safari ya pili mlio ukarudi, kwanza mdogo, kisha chuma kwa chuma. Fundi alifungua akazikuta bushi mpya zimechanika. Nilikuwa tayari kumtukana mwenye duka. Fundi akanizuia kwa mkono.

“Kosa langu mimi, mwalimu. Nilizikaza gari ikiwa juu ya jeki, miguu inaning’inia. Mpira ukishakazwa pale unapaona ndipo kwake. Gari ikishuka unajipinda saa zote, mpaka unakatika.”

Alinunua nyingine mwenyewe, akakataa nisichangie. Mara hii alizifunga bila kuzikaza, akalishusha gari juu ya mbao nne nene, akaniambia nikae kwenye usukani kama ninayesafiri. Halafu akauliza mzee ana kilo ngapi. Nikatuma mtu nyumbani alete gunia la mchele na mzani. Fundi akaingia chini, akakaza kila nati gari likiwa limebeba mzigo wake halisi: mimi kulia, mchele kushoto.

Safari iliyofuata baba alimaliza makumi yote matano, akabusu msalaba, akalala. Aliamka tukiwa kwenye lami ya mjini. “Tumefika?” akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepumzika. Sijawahi kufurahia gari kama nilivyofurahi siku ile, tukienda mwendo ambao hata bodaboda zilitupita.

Tulikwenda hivyo miezi mingi. Gunia lilibaki gereji. Kadi ya hospitali iliposoma hamsini na saba, nilimpelekea fundi gari na kumwambia alegeze akaze upya.

“Kilo tano hizo mpira hauzijui, mwalimu.”

“Wewe kaza.”

Akachota mchele wa gunia akautia kwenye ndoo, mpaka gunia likasoma hamsini na saba mzanini. Zile tano nilirudi nazo nyumbani, tukapika. Ilipofika hamsini na moja nilikwenda tena, na ilipofika arobaini na nne nilikwenda tena. Hakubisha tena wala hakunitoza. Alichota, akafunga mkanda, akaingia chini, nami nikakaa kwenye usukani nikitazama mbele. Nilijua haisaidii kitu. Katika ugonjwa ule wote hapakuwa na kitu nilichoweza kukishika kwa mkono wangu, ila nati zile.

Baba alifariki nyumbani kwake Mngeta, watu wakiwa kwenye mavuno. Nilipopigiwa simu nilikuwa Ifakara, nikaendesha peke yangu, mke wangu na watoto wakanifuata na gari la shule. Siku hiyo gari lilikuwa laini kuliko siku zote. Lilipita juu ya mashimo yale kama hayapo, kiti cha kushoto kitupu, na nilikasirika sana, sijui nikimkasirikia nani.

Fundi alifika siku ya pili ya msiba juu ya lori la mpunga. Alinipa pole, akashusha gunia.

“Mchele huu ni ule wa mzee,” alisema. “Nimeona usikae kule.”

Shangazi yangu, aliyekuwa akisimamia mapishi, alikuja kulipokea. Alilishika mdomo, akalinyanyua kidogo, akashangaa lilivyopungua, akamuuliza fundi kwa utani wa msibani kama mchele mwingine kaula njiani. Fundi akainamisha kichwa. Nikamwambia shangazi aniachie mimi. Nikapiga goti, nikapitisha mkono mmoja chini, mwingine nyuma, nikaliinua taratibu na kuanza kutembea kuelekea jikoni.

“Hilo hata nusu gunia halifiki,” shangazi akasema nyuma yangu. “Mbona unalibeba hivyo?”

Nikamjibu kwamba ndivyo linavyobebwa.