Paka wa Kutangulia Kizingitini

Tekla alipopewa fleti ghorofa ya tano, ng'ambo ya mto Neman, alimwendea Yadviga kuazima paka. Ndivyo ilivyo mjini Grodno: nyumba mpya huingiwa kwanza na paka, na pale atakapojilaza ndipo kitanda huwekwa. Wanawake hao wawili walikuwa marafiki kwa miaka thelathini, tangu waliposhona makoti pamoja kiwandani, tena nyumba zao zilipakana ukuta.

"Niazime Dimka, mwenzangu. Siku moja tu."

"Siku moja, Tekla! Na usimpe maziwa, yanamharisha."

Jioni Tekla alirudi na kikapu kitupu, macho mekundu. Alisema paka alimponyoka mlangoni akatimka ngazini.

Ukiwauliza wajuaji watu hufugia nini paka, watakutajia panya. Upuuzi mtupu. Kwa Yadviga hakukuwa na panya hata mmoja. Tangu mumewe afariki, Dimka ndiye aliyemlalia goti linalouma bila kuambiwa, na akichelewa sokoni, ndiye aliyemnunia. Hakufungwa kamba, dirisha lilikuwa wazi, na bado kila siku alirudi kwake. Nani mwingine alikuwa akimrudia?

Wakamtafuta majuma mawili. Tekla ndiye aliyeandika matangazo, maana machozi ya Yadviga yalilowesha karatasi. Tekla ndiye aliyeshika sufuria ya gundi ya unga, nguzo hadi nguzo, akimfuta shoga yake machozi kwa ncha ya kitambaa chake.

Jumapili ya tatu Yadviga alikaanga chapati za viazi ili amshukuru, akapanda ngazi zote zile bila kutoa taarifa. Tekla alifungua mlango kidogo tu.

"Leo sijisikii vizuri, Yadviga. Njoo kesho."

Chumbani paka akalia. Yadviga alisukuma mlango akapita. Dimka alikuwa kitandani, juu ya blanketi la Tekla.

"Karudi jana," Tekla akasema. "Nilikuwa naja kukwambia."

"Jana! Na jana hiyohiyo ndiyo kanenepa hivi?"

Tekla akaketi ukingoni mwa kitanda. "Kule tulikopakana, nikikohoa unanigongea ukuta kunijulia hali. Hapa hakuna wa kunigongea. Siku ile kanilalia kifuani, nikakudanganya kwamba katoroka, nikasema moyoni nitamrudisha kesho. Kesho yake ukaanza kulia, nikaona haya kusema." Akamshika mkono. "Usimtoe. Aliyeingia kwanza ukimtoa, heri ya nyumba inatoka naye. Unajua."

Yadviga alijua, na aliamini kuliko Tekla mwenyewe. Hata hivyo akamtia Dimka kikapuni. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na uchungu mbaya zaidi.

"Ungesema unaogopa kulala peke yako, ningehamia hapa na huyu paka," akamwambia. "Nilikuwa nangoja uniambie tangu ulipopata funguo."

Akaziacha chapati mezani, akaondoka.

Darajani, nguzo ya kwanza, tangazo lilikuwa bado limeganda. Aliweka kikapu chini, akalibandua kwa kucha taratibu lisichanike. Mwandiko ulikuwa wa Tekla, mzuri, wa kulalia upande: *Amepotea. Anapendwa sana. Tafadhali mrudisheni, mwenyewe hana mwingine.*

Alilisoma mara mbili. Kisha akalikunja, akalitia mfukoni, akainua kikapu, akaenda kubandua lililofuata.