Michembe ya Jiwe la Juu

Nilirudi kutoka machimbo ya Geita nikiwa nyuma ya lori, juu ya magunia ya chumvi, mguu wa kulia umenyooka mbele yangu na hautaki kukunjika. Gogo lililoshikilia dari la shimo lilikuwa limeniangukia. Hospitalini walinifunga plasta na kunilaza mpaka nikachoka kutazama mabati ya paa, na siku walipoifungua, ndani yake ulitoka mguu ambao sikuutambua. Paja limekwisha, ngozi imepauka, goti gumu. Dresa, mtu wa maneno machache, aliniambia niende kwetu nikapande vilima.

“Polepole, kila siku,” alisema. “Kupanda na kushuka. Ukiuacha ukae tu, utakauka hivyo hivyo.”

Vilima tulikuwa navyo. Kwetu Usukumani, upande wa Samuye, nyumba zimejiegemeza kwenye majabali, na nyuma ya nyumba yetu kilipanda kilima chenye jiwe kubwa la bapa kileleni. Mama yangu aliishi pale peke yake tangu baba alipofariki. Dada alikuwa ameolewa mbali, na mimi nilikuwa mwana wa kiume wa pekee niliyekimbilia dhahabu nikidhani nitarudi na ng'ombe. Mama aliniona nikiteremshwa na watu wawili, akashukuru, “Wabeja, Mungu,” akaenda kuchemsha maji. Hakuniuliza ng'ombe wako wapi.

Mvua za kulimia zikaanza. Kwetu vijana walilima kwa kikundi, tulichokiita elika: leo shamba la huyu, kesho la yule, wamejipanga mstari mmoja, ngoma inapigwa na majembe yanapanda na kushuka pamoja. Kila kaya hutoa jembe moja. Kaya yenye mgonjwa hulimiwa msimu mmoja bila kutoa mtu, na hakuna anayenung'unika. Msimu wa pili, kama bado haina jembe, haifukuzwi, ila hulimwa mwisho kabisa, mvua imeshaanza kukata, na mtama wake huungua ukiwa mfupi. Mama alijua hivyo, na mimi pia.

Wakalima shamba letu. Nilikaa kizingitini, mguu juu ya kigoda, nikiwatazama vijana niliochunga nao wakitoa jasho kwa ajili yangu. Walinitania, wakaniita bwana shamba. Nilicheka nao. Walipoondoka nilishindwa kula, na mama alipouliza nikasema tumbo linauma. Ukweli ni kwamba niliona aibu hata kutafuna.

Mvua zilipokwisha nilianza kupanda kilima. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo dresa wa watu hakulijua. Kwetu mtu hatembei bure. Mtu anakwenda kisimani, anakwenda mnadani, anafuata ng'ombe. Mwanamume mzima anayepanda kilima mikono mitupu, akafika nusu, akageuka akashuka, na kesho akarudia, huyo ama akili imehama, ama ana dawa anazochimbia huko juu. Siku ya pili tu jirani alisimama njiani, akanisalimia.

“Mwangaluka. Unatafuta nini huko?”

Ningemwambia natafuta goti langu. Badala yake nikasema, “Ndama. Ndama wetu mpya amepotea.”

Nilijiona mjanja. Nilisahau niko wapi. Kwa Wasukuma mnyama akipotea si habari ya mtu mmoja. Jirani akapiga mwano, ule ukelele wa kuitana, mwenzake akaupokea, na kabla sijafika chini vijana wa elika, walewale walionilimia, walikuwa wametapakaa vichakani wakitafuta ndama asiyekuwepo. Walitafuta mpaka jua likazama. Mmoja alirudi amechanwa na miiba mkono mzima, akaniomba radhi kwamba hawakumwona.

Mama alikuwa na ng'ombe mmoja tu, tena hajazaa. Alinitazama usoni. Akaenda kuwashukuru wale vijana, akawagawia maziwa ya mgando aliyokuwa ameyanunua kwa ajili yangu. Usingizi haukuja siku hiyo, na kilimani sikurudi tena. Nilimwambia mama mguu umevimba. Nilishinda kitandani nikiutazama, na ulizidi kuwa mgumu kama dresa alivyosema.

Ikafika wakati wa viazi. Kila nyumba ya kwetu huvikatakata viazi vitamu na kuvianika juu ya mawe mpaka vikauke viwe michembe, chakula cha miezi ya njaa. Sisi tulikuwa na jiwe letu nyuma ya nyumba, safi, la kuanikia tangu enzi za bibi. Asubuhi ya kwanza ya kuanika, mama alijitwisha kapu kichwani, akalipita lile jiwe, akaanza kupanda kilima.

“Mayu, unakwenda wapi?” nilimwita. “Jiwe si hili hapa?”

“Mbuzi wa jirani wamelifanya zizi,” alijibu bila kugeuka. “Na kule juu jua ni kali zaidi. Nifuate, ukanifukuzie ndege. Mimi siwezi kukaa huko na kazi zangu nimeziacha.”

Nilikasirika. Nilimwona mama yangu amezeeka vibaya, anapandisha viazi kilima kizima kwa kuogopa mbuzi. Nilichukua fimbo, nikamfuata nikiguna kila hatua. Tulipofika kwenye mkuyu ulio katikati, nilikuwa naloa jasho na goti linawaka. Alinisubiri. Kisha akapanda tena. Jirani alitupita na kuni zake, akatusalimia, akamwambia mama kwamba mwaka huu ana viazi vizuri. Mimi hakuniuliza natafuta nini. Nilikuwa mtu anayekwenda kulinda michembe.

Kukawa hivyo kiangazi chote. Kupanda niliweza kwa fimbo. Kushuka ndiko kulikonitoa machozi, maana goti halikutaka kubeba uzito kuelekea chini, na kila jioni, alipokuja kuikusanya michembe isilale kwenye umande, tulishuka pamoja. Kapu kichwani kwake, mkono wangu begani mwake. Nilimwegemea kwa nguvu. Bega lake nililishika kama mtu anavyoshika mwimo wa mlango, na nilisikia mwili wake ukitikisika kila tulipovuka gema. Mara nyingine nilijiambia kesho nitashuka bila yeye. Kesho ilipofika, mkono ulikwenda tena palepale.

Lakini mguu ulirudi. Kwanza nilifika mkuyuni bila kupumzika. Halafu fimbo nikawa naibeba zaidi ya kuiegemea. Paja likajaa. Nilianza kupanda mara mbili kwa siku, na kapu nikalichukua mwenyewe, begani, nikimtania mama kwamba anatembea kama kobe. Alikuwa anachelewa kweli. Alisimama mara kwa mara akishika jiwe, akisema anaangalia mawingu. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nimefurahia mguu wangu mno nikayaangalia mawingu pamoja naye.

Mvua zilipokuja nilisimama kwenye mstari wa elika na jembe la baba. Nililima shamba la kwanza mpaka mwisho. Vijana walipiga vigelegele kama wanawake kwa kunikejeli, nami nilifurahi nusura nilie. Aliyechanwa na miiba alilima kando yangu, na kila nilipouona mkono wake nilizidisha jembe. Siku ya shamba letu ilipowadia, hatukuwa wa mwisho.

Adhuhuri siku hiyo mke wa jirani alituletea togwa. Alinimiminia, akaniuliza kwa uchangamfu, “Sasa umeshapona, mayu wako atalitaka jiwe lake?”

“Jiwe gani?”

“La nyuma ya nyumba yenu. Alituazima tuanikie sisi mwaka huu. Alisema yeye halihitaji mpaka mwanawe atembee.” Akatazama huku na huku. “Mbona hayupo? Goti bado linamsumbua?”

Sikuwa najua kwamba goti linamsumbua. Niliishi naye nyumba moja, nikalala upande wa pili wa ukuta wa udongo, nikala mkononi mwake, na sikujua. Niliiweka togwa chini. Nilienda nyumbani na jembe bado mkononi, nikiwa na haraka ambayo mguu wangu sasa uliiweza vizuri sana.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda changu, kile nilichowekea mguu mwaka uliopita. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba, amelifunga kitambaa chenye majani ya moto. Aliponiona alivuta kitenge alifunike.

“Mayu, kwa nini hukuniambia?”

“Ningekwambia ungebaki kitandani.”

Nilipiga magoti mbele yake. Goti langu lilikunjika bila shida yoyote, na hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Nilisema maneno mengi ya kipumbavu. Nilimwambia dresa alisema kilima kinatibu, kwamba kesho tutaanza, polepole, kupanda na kushuka, naye ataniegemea mimi, bega langu ni imara, tutafika mkuyuni kwanza, halafu tutaona.

Mama alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaweka mkono kichwani kwangu, akacheka kidogo.

“Kile kilima nimeshakipanda, baba,” alisema. “Nilikipanda changu na chako. Rudi shambani, wenzako wanakungoja.”

Ngoma ilikuwa imeanza tena. Nikachukua jembe, nikarudi kwenye mstari.